Timu Iliyohama Ikaacha Jina Lake: Kisa cha Cleveland Browns, 1995 hadi 1999

Ukifungua kumbukumbu rasmi za NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, na kutafuta historia ya Cleveland Browns, utakuta msimu wa 1995 halafu unafuata wa 1999. Miaka mitatu ya katikati ni mitupu: hakuna mechi, hakuna kocha, hakuna mchezaji hata mmoja. Timu haikufilisika wala haikufungiwa. Mwenye nayo, wachezaji wake na watu wake wa ofisini walikuwa kazini miaka yote hiyo mitatu, ila katika mji mwingine, wakiitwa Baltimore Ravens. Na kumbukumbu hizohizo zinasema Ravens ni timu changa, iliyozaliwa 1996, isiyo na jana.

Upande wa pili, kikosi kilichoingia uwanjani Cleveland mwaka 1999 kilikuwa cha watu waliokusanywa huku na kule ndani ya mwaka mmoja, chini ya mmiliki mpya, kwenye uwanja mpya. Hao ndio walioandikwa warithi halali wa ubingwa wa 1950, 1954, 1955 na 1964.

Yaani aliyezaliwa hapo na kuhama ameandikwa mgeni, na mgeni ameandikwa mwenyeji. Jambo hili liliwekwa kwenye makubaliano na wamiliki wa timu wakalipigia kura Februari 1996. Kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa mapenzi ya mashabiki, na mapenzi kweli yalikuwepo, tena ya kutisha. Lakini mimi nikikipitia naona mapenzi yalikuwa nusu ya nguvu. Nusu nyingine ilikuwa mkataba wa pango uliokuwa umebakiza miaka mitatu.

Jina la mtu

Wengi hudhani timu iliitwa Browns kwa sababu ya jezi za kahawia. Iliitwa hivyo kwa sababu ya kocha wake wa kwanza, Paul Brown, ambaye Ohio nzima, jimbo la Cleveland, ilimjua kabla timu haijacheza mechi hata moja. Alikuwa amewafundisha wanafunzi wa sekondari ya Massillon, akaipa Chuo Kikuu cha Ohio State ubingwa wa taifa, na watu walimwamini kama mganga aliyekwishaponya. Mwenye timu, Arthur McBride, alimchukua, na timu ikaanza kucheza 1946 katika ligi mpya iliyokuwa ikishindana na NFL.

Mwaka huohuo Cleveland ilikuwa imetoka kuachwa. Timu yake ya awali, Rams, ilitwaa ubingwa wa NFL wa 1945 na wiki chache baadaye ikafungasha kwenda Los Angeles. Mji ulipoachwa tena miaka 50 baadaye, wazee wake walikuwa wameshaonja.

Browns walitwaa ubingwa wa ligi ile mpya mara zote nne, 1946 hadi 1949, na msimu wa 1948 hawakupoteza wala kutoka sare mechi hata moja. Ligi ilipovunjika wakaingia NFL mwaka 1950. Wakubwa wa NFL waliwaona watoto wa ligi ya mtaani. Mechi ya kwanza wakapangiwa mabingwa watetezi, Philadelphia Eagles, wakawachapa 35-10. Mwisho wa msimu walikuwa mabingwa: Lou Groza aliupiga mpira katikati ya milingoti zikiwa zimebaki sekunde 28, Browns 30, Rams 28. Ndiyo, Rams walewale.

Kuna jambo la 1946 ambalo naliweka juu ya vikombe vyote hivyo. Paul Brown aliwasajili Marion Motley na Bill Willis, wachezaji weusi, wakati mpira wa kulipwa ulikuwa umewafungia weusi mlango kwa zaidi ya miaka kumi. Ilikuwa mwaka mmoja kabla Jackie Robinson hajavunja ukuta huohuo kwenye besiboli. Baadaye akaja Jim Brown, aliyecheza 1957 hadi 1965, akakimbia na mpira yadi 12,312, kisha akastaafu akiwa bado hana mpinzani.

Hiyo ndiyo mali inayogombewa katika kisa hiki. Mali isiyoshikika: helmeti ya rangi ya chungwa isiyo na nembo yoyote ubavuni, ya pekee katika ligi nzima, jezi ya kahawia, orodha ya majina. Na tangu katikati ya miaka ya 1980, jukwaa la upande wa mashariki. Mabeki wawili, Hanford Dixon na Frank Minnifield, walikuwa wakiwabwekea wenzao mazoezini ili wawakimbize wapinzani kama mbwa wanavyomkimbiza paka. Mashabiki wa mabenchi ya bei rahisi wakadaka mchezo huo. Wakaja na vinyago vya mbwa, wakawa wanabweka, wakawarushia wapinzani biskuti za mbwa. Jukwaa likaitwa Dawg Pound, yaani banda la mbwa, kwa tahajia ya mtaani. Upepo wa Ziwa Erie ukivuma mwezi wa Desemba, huko ndiko kulikokuwa na baridi kali kuliko kwingine kote, na huko ndiko watu hawakuondoka hadi mwisho.

Walikuwa na sababu nyingi za kuondoka. Tangu ubingwa wa 1964 timu haikupata kikombe kingine. Januari 1987 walikuwa mlangoni mwa Super Bowl, fainali ya ligi, Denver wakatembea yadi 98 dakika za mwisho na kusawazisha, kisha wakashinda katika muda wa nyongeza. Mwaka uliofuata, dhidi ya Denver haohao, Earnest Byner alipokonywa mpira hatua chache kabla ya mstari wa kufungia. Jina hilo la Byner lishike, litarudi.

Mpangaji aliyekuwa mwenye nyumba

Art Modell, mtu wa matangazo ya biashara kutoka Brooklyn, alinunua Browns mwaka 1961 kwa takribani dola milioni 4, nyingi zikiwa za kukopa. Mwanzoni mwa 1963 alimfukuza Paul Brown. Fikiria: timu ina jina la mtu, na mtu mwenyewe anafukuzwa kazi. Paul Brown alikwenda kuanzisha Cincinnati Bengals upande wa pili wa jimbo.

Modell hakuwa mtu mbaya kwa kipimo cha mwanzo. Alikuwa mstari wa mbele kuiunganisha ligi na televisheni, na aliketi upande wa NFL mahakamani ilipojaribu kuzuia Raiders wasihame Oakland kwenda Los Angeles. Ligi ilishindwa kesi hiyo mwaka 1982, kwa hoja kwamba kumzuia mmiliki kuhama ni kuua ushindani wa biashara. Tangu siku hiyo kila mmiliki alijua kwamba ligi itaogopa kumwambia hapana. Modell alikuwa amepinga mlango huo usifunguliwe, na akaja kupita humohumo.

Shida yake ilianza na uwanja. Miaka ya 1970 aliukodi Municipal Stadium kutoka kwa mji kwa mkataba mrefu ulioisha 1998. Uwanja huo wa 1931, wenye nafasi ya watu wapatao 80,000, ulikuwa mzee na mbovu, ila yeye ndiye aliyekuwa akiuendesha: klabu ya besiboli ya Indians ilimlipa pango, na mapato ya vyumba vya kifahari yalikuwa yake. Ilikuwa biashara nzuri kwa mpangaji aliyegeuka mwenye nyumba. Kisha mwaka 1990 wapiga kura wa Cuyahoga, wilaya ya Cleveland, walikubali kodi ya pombe na sigara ili kujenga uwanja mpya wa besiboli na ukumbi wa mpira wa kikapu. Modell alikataa kuingia katika mpango huo. Mwaka 1994 Indians wakahamia kwao, na yeye akabaki na gofu la viti 80,000 lenye mechi kama kumi tu kwa mwaka. Deni likamkaba.

Hapa ndipo ninapomlaumu. Alialikwa mezani, akadhani Indians hawana pa kwenda. Alipoona wameondoka alianza kudai ukarabati, na mji ukakubali kuupeleka kwa wapiga kura: kuongeza muda wa kodi ileile ili kupata dola milioni 175. Yeye mwenyewe akatangaza kwamba msimu wa 1995 hataki mazungumzo ya uwanja, ili timu icheze kwa utulivu. Watu wakanyamaza. Mwishoni mwa Oktoba, ndani ya ndege ya mshirika wake Alfred Lerner iliyokuwa imeegeshwa kiwanja cha ndege cha Baltimore, akatia saini.

Novemba 6, 1995, alisimama Baltimore mbele ya kamera na kutangaza. Kesho yake, Novemba 7, wapiga kura wa Cuyahoga walipiga kura kama ilivyopangwa, na zaidi ya asilimia 70 wakasema ndiyo, pesa za uwanja zitolewe. Walijua timu inaondoka. Walipiga hivyohivyo.

Baltimore nayo ina kidonda

Msomaji aliyelelewa na Simba na Yanga anaweza kuuliza timu inahamaje mji. Kwetu pia si jambo geni kabisa, Ihefu ya Mbarali imeishia kuwa Singida Black Stars. Lakini Marekani sababu ni ya kimfumo. NFL ni ligi iliyofungwa, hakuna kupanda wala kushuka daraja. Mwaka 1995 viti vilikuwa 30, na miji iliyotaka kiti ilikuwa mingi zaidi. Mji usio na timu hauwezi kuanzisha yake na kupanda nayo taratibu. Ni lazima ungoje ligi iongeze kiti, au ukachukue kiti cha mwenzako. Kwa hiyo kila mmiliki ana mji wa kutishia nao.

Mji wa kutishia nao miaka ile ulikuwa Baltimore, na ulikuwa umeumizwa vilevile. Usiku wa Machi 28, 1984, malori ya kampuni ya Mayflower yalipakia vitu vya Baltimore Colts na kuelekea Indianapolis kwenye theluji. Mmiliki, Robert Irsay, alikimbia kwa sababu bunge la Maryland lilikuwa likipitisha sheria ya kuruhusu mji kuitwaa timu kama unavyotwaa kiwanja cha kupitisha barabara. Asubuhi ofisi zilikuwa tupu. Mji ulipokwenda mahakamani ukaambiwa timu ilikuwa imeshatoka katika mipaka yake.

Colts waliondoka na kila kitu: jina, kiatu cha farasi kwenye helmeti, kumbukumbu zote. Johnny Unitas, nyota wa zamani wa Colts aliyelijenga jina hilo kwa mikono yake, akakata uhusiano na timu ya Indianapolis. Bendi ya timu ilibaki mjini ikaendelea kupiga kwa zaidi ya miaka kumi bila timu ya kuipigia. Na timu ya Baltimore iliyoingia ligi ya Kanada ilipojaribu kujiita Colts, mahakama ya rufaa ya shirikisho iliizuia mwaka 1994: jina ni la Indianapolis, mnunuzi wa tiketi asije akachanganyikiwa. Sheria ilikuwa imesema wazi kwamba kumbukumbu za mji ni alama ya biashara, na alama ya biashara hufuata mwenye timu popote aendapo.

Mwaka 1993 ligi iliongeza viti viwili, ikawapa Charlotte na Jacksonville. Baltimore ikarukwa. Jimbo la Maryland lilikuwa na pesa za uwanja tayari, ardhi tayari pembeni ya uwanja wa besiboli wa Camden Yards, na hasira tayari. Modell alipewa uwanja mpya wa takribani dola milioni 200 usio na kodi ya pango. Sidhani kama kuna mtu mwenye deni angekataa. Ninachosema ni kwamba Cleveland ilikuwa imeshasomeshwa na yaliyoipata Baltimore, na ilijua ni kitu gani hasa kitakachoibwa.

Kilichokuwa mkononi mwa mji

Meya Michael White hakuanza na machozi, alianza na mkataba. Browns walikuwa wamekubali kuchezea Municipal Stadium hadi mwisho wa msimu wa 1998. Mji ukaenda mahakama ya wilaya ukiomba kitu kimoja: mkataba utekelezwe wenyewe, timu icheze hapa. Hoja ilikuwa kwamba hasara hii hailipiki kwa fidia, kwa sababu timu hii haina mbadala sokoni. Mahakama ikatoa zuio la muda.

Tazama tofauti na Baltimore. Maryland ilijaribu kuitwaa timu kwa sheria mpya, nguvu ya dola dhidi ya mwenye mali, na mwenye mali akakimbia. Cleveland ilimshika mwenye mali kwa saini yake mwenyewe. Huwezi kuukimbia mkataba wa pango kwa lori; unakufuata.

Na hapo ndipo mapenzi ya mashabiki yalipopata kazi. Ofisi ya meya ilitoa nambari za faksi za wamiliki wa timu nyingine, na mashine zao zikamwaga karatasi mchana na usiku. Mashabiki wa timu nyingine, hata wapinzani, wakaunga mkono, maana kila mmoja alijiona ni wa pili kwenye foleni. Houston nayo ilikuwa ikiwapoteza Oilers vuli hiyohiyo, na mwaka huohuo Los Angeles ilipoteza timu zote mbili, Rams na Raiders. Wabunge wakaanza kuuliza kwa nini ligi inapewa nafuu za kisheria ikiwa haiwezi kulinda miji. Kwa ligi inayoishi kwa televisheni, huko ndiko kulikokuwa kunauma.

Mahesabu ya wamiliki yakawa haya: wakimsaidia Modell kupambana, timu inaweza kulazimishwa kucheza misimu mitatu kwenye uwanja uliojaa chuki au usio na watu. Walikuwa wameshaona sampuli. Baada ya tangazo, matangazo ya wadhamini yaliondolewa uwanjani. Timu iliyokuwa imeshinda mechi 11 msimu uliotangulia, chini ya kocha kijana Bill Belichick, ilicheza mechi 7 zilizobaki ikashinda moja tu.

Hiyo moja ilikuwa ya mwisho nyumbani, Desemba 17, 1995, dhidi ya Bengals, timu ya Paul Brown. Watu walikuja na misumeno na spana. Kuanzia robo ya mwisho, safu nzima za viti ziling'olewa na kurushwa uwanjani, hadi waamuzi wakaamua timu zote mbili zishambulie upande mmoja tu, mbali na Dawg Pound, kwa usalama. Browns walishinda 26-10. Filimbi ya mwisho ilipolia wachezaji hawakwenda vyumbani. Walikwenda kwenye jukwaa lile la mabenchi, wakakumbatiana na watu wa vinyago. Miongoni mwao alikuwepo Earnest Byner, aliyekuwa amerudi Browns, yule aliyepokonywa mpira mbele ya Denver. Alikimbia na mpira siku hiyo kama kijana, kisha akaenda kuwapa mikono watu ambao wangeweza kumlaumu maisha yake yote.

Kufungua fundo

Makubaliano ya Februari 1996 yalifanya jambo ambalo sheria ya alama za biashara haikulifikiria: yaliifungua timu kama mzigo wa mitumba. Modell aliruhusiwa kuchukua kiti chake cha ligi, mikataba ya wachezaji, makocha na watumishi. Jina Browns, rangi, kumbukumbu na vikombe vilibaki Cleveland chini ya dhamana iliyosimamiwa na ligi. Modell aliulipa mji zaidi ya dola milioni 9 kufidia mapato, pamoja na gharama za mawakili. Mji ukabomoa uwanja na kujenga mwingine palepale, ligi ikisaidia gharama, na ligi ikaahidi kwamba ifikapo 1999 Cleveland itakuwa na timu.

Kura zilikuwa 25 za ndiyo, 2 za hapana, 3 hazikupigwa. Waliosema hapana ni Ralph Wilson wa Buffalo na Dan Rooney wa Pittsburgh. Pittsburgh Steelers ndio watani wakubwa wa Browns, kama kuna watu Marekani wangefurahi kuona Cleveland imezikwa ni wao. Rooney alipiga kura ya kuwazuia watani wake wasiondoke. Mwenye mtani wa kweli ataelewa.

Mabaki ya Municipal Stadium yalimwagwa Ziwa Erie kuwa matumbawe ya bandia, mahali pa samaki kujificha na wavuvi kuvua. Baltimore ikawauliza watu wake jina, wakachagua Ravens, kunguru wa shairi la Edgar Allan Poe aliyezikwa katika mji huo. Bendi ile iliyopiga kwa miaka kumi bila timu ikapata timu.

Je, Cleveland ilishinda? Kwa kipimo cha jina, ndiyo, na nadhani ilikuwa akili kubwa kuomba jina badala ya pesa. Pesa zingekwisha. Lakini mkataba ulitenganisha kumbukumbu na maarifa, na maarifa yakapanda lori. Aliyesimamia usajili wa Ravens alikuwa Ozzie Newsome, aliyewahi kuwa nyota wa Browns kwa misimu 13. Mwaka huohuo wa kwanza, 1996, alichagua vijana wawili katika raundi moja ya mgao wa wachezaji wapya wa ligi, Jonathan Ogden na Ray Lewis, na wote wawili wamo leo katika ukumbi wa heshima wa Canton. Januari 2001 Ravens walitwaa Super Bowl kwa 34-7 dhidi ya New York Giants. Browns, hadi leo, hawajawahi kufika fainali hiyo.

Agosti 1999 mambo haya yote yalikutana wikendi moja. Newsome aliingizwa ukumbi wa heshima, Canton, karibu kilomita 100 kutoka Cleveland, kwa aliyoyafanya akiwa na jezi ya Browns, huku akiwa ameajiriwa na Ravens. Siku mbili baadaye, katika mji huohuo, Browns wapya walicheza mechi yao ya kwanza ya kirafiki na kuwafunga Dallas. Mechi ya kwanza ya ligi ilikuwa Septemba 12 dhidi ya Pittsburgh. Mji ulijaa machozi na nyimbo. Steelers 43, Browns 0.

Kosa la ligi lilikuwa la kalenda. Charlotte na Jacksonville zilipewa karibu miaka miwili kujiandaa. Cleveland ilipata mmiliki Septemba 1998, ikabaki na mwaka mmoja. Na mmiliki huyo, aliyelipa dola milioni 530, alikuwa Alfred Lerner, yuleyule aliyetoa ndege yake ili timu ya kwanza isainiwe kwenda Baltimore. Mashabiki walilimeza hilo, maana jina lilikuwa limerudi. Mimi bado linanikwama kooni.

Yaliyofuata ni miaka mingi ya kufungwa ambayo sina haja ya kuipitia, isipokuwa moja. Msimu wa 2017 Browns walipoteza mechi zote 16. Januari 2018, kwenye baridi kali, maelfu ya mashabiki waliandamana kuuzunguka uwanja katika duara, umbo la sifuri, wengine na majeneza ya kuigiza. Watu hawafanyi mzaha wa namna hiyo juu ya kitu ambacho si chao.

Modell hakurudi tena Cleveland. Alifariki Septemba 2012. Viwanja vingine vya ligi vilisimama kimya kwa heshima yake. Cleveland haikusimama, na familia yake ndiyo iliyoomba isisimame, wakijua kitakachosikika badala ya kimya.

Walioiga, na kinachoendelea

Kisa kilizaa mfano. Mwaka 2005 klabu ya soka ya San Jose Earthquakes ilipohamia Houston, jina na kumbukumbu zilibaki San Jose, na zikapata timu tena 2008. Seattle ilipoipoteza timu yake ya kikapu 2008, jina SuperSonics na rangi zake zilibaki mjini zikisubiri. Houston ndiyo iliyokosa. Oilers waliondoka na kila kitu hadi Tennessee, na Desemba 17, 2023, miaka 28 kamili tangu siku ya misumeno Cleveland, timu ya Tennessee iliingia uwanjani ikiwa imevaa jezi za Oilers, mpinzani wake akiwa timu mpya ya Houston. Houston walishinda katika muda wa nyongeza, lakini ilibidi wazifunge jezi za baba zao ili washinde.

Ohio yenyewe ilitunga sheria mwaka 1996, inayoitwa hadi leo sheria ya Modell: mmiliki anayetumia uwanja uliojengwa kwa kodi, akitaka kuondoka, atoe notisi ya miezi sita na kuwapa watu wa hapo nafasi ya kununua timu. Ililala miaka ishirini. Mwaka 2018 ikaamshwa kuizuia klabu ya soka ya Columbus Crew isihamishiwe Texas, na Crew ikabaki. Miongoni mwa walioinunua ni familia ya Haslam, wamiliki wa Browns tangu 2012.

Familia hiyohiyo sasa inataka kuiondoa Browns ukingoni mwa ziwa na kuipeleka Brook Park, kitongoji cha karibu, kwenye uwanja wenye paa. Mji ulikwenda mahakamani ukiwa na sheria ya Modell mkononi. Mwaka 2025 bunge la jimbo likaibadilisha ihusu timu zinazotoka nje ya Ohio tu, na baadaye mji na wamiliki wakapatana kwa malipo. Mkataba wa pango wa uwanja wa sasa unaisha na msimu wa 2028, na safari hii mwenye timu anausubiri uishe. Jina halijadiliwi na mtu yeyote. Huko Brook Park pia timu itaendelea kuitwa Cleveland Browns.